Kuchagua filimbi mpya ya kutengenezwa kwa mkono: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Mwanza

Nina filimbi tatu nne tayari, nataka kuongeza nyingine nzuri ya fundi. Naanzia wapi?

Anzia kwa hizo ulizonazo. Zitoe zote uziweke mezani, puliza kila moja noti yake ya chini kabisa alafu ya juu kabisa unayoifikia bila kulazimisha, kisha jiulize ni sauti gani hapo haipo. Wakusanyaji wengi wanajikuta wana filimbi tano zenye nakshi tofauti na mbao tofauti lakini zote nyembamba, zote zinalia juu, zote kii (noti ya msingi) ya D, ukifumba macho huwezi kujua ipi ni ipi. Msimamo wangu ni huo na nitaurudia huko chini: unakusanya sauti, umbo ni la ziada. Kama una za juu tupu tafuta ya besi, kama zote ni za kulaza tafuta ya wima, na kama zote zimetyuniwa kama piano tafuta moja yenye skeli yake ya asili, hiyo ndo itakufungua masikio kweli kweli.

Aina za kupuliza ziko ngapi? Naona majina mengi mpaka nachanganyikiwa.

Majina ni mengi ila midomo ni kama minne tu. Kuna yenye mdomo wa kipenga, hewa inapita kwenye kamfereji inaenda kugonga ukingo yenyewe, wewe unapuliza tu sauti inatoka siku hiyohiyo. Hapo ndo zipo filimbi za wenyeji asilia wa Marekani na zile ndogo za Ireland. Kuna ya kulaza pembeni, bansuri ya India, dizi ya China, chivoti ya Wadigo kule pwani ya Kenya. Kuna ya wima yenye kikato mdomoni, endere ya Waganda, quena ya milima ya Andes, na shakuhachi ya Japani ni ndugu yao ingawa yenyewe mdomo umekatwa mshazari. Alafu kuna bomba wazi lisilo na kikato wala mfereji, mfano ney ya Waarabu na Waturuki, na kwenye taarab ya Zanzibar utaisikia ikiitwa nai. Hiyo ya mwisho ndo ngumu kuliko zote, unaweza kukaa nayo wiki nzima inatoa upepo tu.

Ukitaka kujua midomo yako iko wapi, chukua chupa ya soda tupu. Ukiweza kuitoa sauti nene isiyokatika kwa pumzi moja ndefu, ya kulaza na ya kikato zote utaziweza.

Kaka mimi ni mgeni kabisa, sitaki ninunue ikabaki pambo la ukutani.

Basi chukua yenye mdomo wa kipenga, na katika hizo ile ya wenyeji asilia wa Marekani ndo rafiki zaidi. Ina vyumba viwili: pumzi inaingia chumba cha kwanza, inapanda juu, inapita chini ya kipande cha mbao kilichofungwa kwa kamba (wenyewe wanakiita ndege, na mara nyingi kimechongwa ndege kweli), inashuka chumba cha pili chenye mashimo 5 au 6. Skeli yake ni ya noti tano yenye majonzi fulani hivi, na ukicheza bila mpangilio wowote bado inasikika vizuri. Kitu cha kujua mapema ni kwamba unyevu wa pumzi unajaa kwenye ule mfereji, baada ya muda sauti inaanza kukwama, unafungua kamba unafuta unarudisha, wala haijaharibika. Alafu muulize muuzaji fundi ni wa jamii gani. Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji asilia wakati sivyo, kwaiyo muuzaji mkweli anakujibu bila kuzungukazunguka.

Kuna haja gani ya kuagiza mbali wakati filimbi zipo hapa hapa?

Haja ipo, lakini hata mimi ningekwambia anza na za kanda yetu, na wala sisemi hivo kwa uzalendo tu. Tumezungukwa na filimbi nzuri sana. Endere ya Buganda ina mashimo manne na kikato mdomoni, na zamani wapigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa wanazipiga kwa kundi, filimbi za ukubwa tofauti zikipokezana pamoja na ngoma. Banyankole wa magharibi mwa Uganda wanayo omukuri, Rwanda na Burundi kuna ile ndefu ya wachungaji, umwirongi, sauti yake nzito yenye pumzi ndani yake, ukiisikia jioni unatulia mwenyewe. Hapa nchini Wagogo wa Dodoma wana filimbi zao, na marehemu Hukwe Zawose alizipiga sambamba na zeze na ilimba (marimba ya vidole) mpaka majukwaa ya Ulaya.

Kutoka Mwanza endere haiko mbali. Meli ya usiku mpaka Bukoba, asubuhi gari la Mutukula, ukivuka unaendelea Kampala, kule masoko ya vitu vya sanaa yanazo. Ila angalizo: nyingi za pale mezani ni za watalii, zimechomwa nakshi vizuri alafu hazijawahi kupulizwa na mtu yeyote. Mwambie muuzaji akupigie kwanza yeye mwenyewe. Akisema "hii ni ya kupamba tu" mshukuru uendelee mbele, na akikuelekeza kwa fundi nenda kwa fundi.

Kwa Wasukuma ngoma ndo mfalme, filimbi haina nafasi ile. Hata hivo kabla hujaagiza chochote nenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa, njia ya Musoma, ikiwezekana kipindi cha sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita wakati vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vinashindana. Utasikia ala za asili zinavyotakiwa kusikika nje, uwanjani, vumbi linatimka na watu wanapiga kelele, na hapo ndo utaelewa kwanini filimbi yenye sauti ya ndani sana haifai kwa kila kazi.

Nimepima endere yangu na tyuna ya simu (programu ya kupimia noti), inaonyesha nyekundu karibu kila noti. Nimepigwa?

Inawezekana kabisa hujapigwa. Hili swali naomba tukae nalo kidogo maana linawafanya watu warudishe filimbi nzima kabisa.

Tyuna ya simu inajua kitu kimoja tu, oktavu (kutoka noti mpaka ile ya juu yenye jina lilelile) iliyogawanywa mara 12 sawasawa, kila nusutoni senti 100 (kipimo cha umbali kati ya noti, sio hela), na A ikiwa herzi 440. Muziki wa Kiganda haugawanyi hivo. Wao oktavu yao ina noti tano zilizoachana karibu sawasawa, kwaiyo kila hatua ni kama senti 240. Sasa senti 240 iko katikati ya vitu viwili ambavyo piano inavijua, 200 na 300, lazima simu ilie. Wagogo nao noti zao zinafuata zile sauti za asili zinazopanda zenyewe juu ya sauti moja ya msingi, ndo maana kwaya zao na marimba zao zina ule utamu ambao kinanda hakiwezi kuufuata. Ukimlazimisha fundi wa endere aifanye iendane na kinanda cha kanisani umeua kile ulichokuwa unanunua.

Ila usiitumie hiyo kama kisingizio cha filimbi mbovu. Vitu viwili havibadiliki popote duniani. Cha kwanza, oktavu: puliza noti kwa upole, alafu vidole vikiwa vilevile kaza pumzi iruke juu, ile ya juu iwe ni mtoto wa ile ya chini kabisa, zisipishane. Cha pili, noti itulie, usiwe unahangaika kuitafuta kila ukiirudia. Filimbi ikishinda hayo mawili, skeli yake iheshimu jinsi ilivyo.

Na kabla hujalaumu, angalia na joto. Hewa ikipanda digrii moja filimbi inapanda kama senti 3. Ukipima saa kumi na mbili asubuhi Capri Point upepo wa ziwa unavuma, alafu ukaja kupima saa nane mchana chini ya bati, tofauti ya digrii 10 ni senti 30 hivi, karibu theluthi ya nusutoni, na filimbi ni ileile.

Nimeagiza bansuri ya E, nikifunga mashimo yote inatoa B. Wamenitumia nyingine?

Hapana, ni yenyewe. Bansuri inaitwa kwa noti inayotoka ukifunga mashimo matatu ya juu, hiyo ndo Sa, nyumbani kwa mpigaji. Filimbi nyingine nyingi zinaitwa kwa noti ya mashimo yote kufungwa. Ukiwa unaagiza ili ulingane na wenzako wa bendi, mwandikie fundi kabisa: "mashimo matatu yakifungwa nataka noti fulani".

Na ujue ukubwa wake. Ile ya besi ya E ina urefu wa kama sentimita 75, ndo ile ambayo mpigaji Pannalal Ghosh (1911–1960) aliisukuma mpaka ikaingia kwenye muziki wa kikonseti wa India, kabla yake bansuri ilihesabika zaidi ni ya nyimbo za kijijini.

Vidole vyangu vifupi, zitanifaa hizo kubwa?

Usikisie. Chukua kipande cha bomba la PVC lenye unene unaokaribiana, muombe fundi vipimo kutoka shimo hadi shimo, weka alama kwa kalamu ya maka, alafu shika. Usitumie ncha za vidole, laza vidole ufunike kwa nyama ya pingili ya katikati, utashangaa mkono unavyofika. Ukishika dakika tano na kiganja kinauma omba kii ya juu zaidi, G au A, mashimo yanasogeleana.

Shakuhachi mbona bei zake zinatisha?

Kwasababu ya kazi iliyomo. Ile ya kawaida ina urefu wa shaku 1.8 (kipimo cha Kijapani), sentimita 54.5 hivi, mashimo manne mbele na moja nyuma, inakatwa sehemu ya chini ya mwanzi pamoja na shina la mizizi, na mwanzi unakaushwa muda mrefu sana kabla haujaguswa. Ndani fundi anapaka lipu maalum anaisugua mpaka kila noti ikae, nyingine zinaachwa tupu bila lipu, hizo zina sauti pori zaidi na kila moja ina tabia yake. Za mafundi wakubwa zinafika dola elfu kadhaa. Kama ni ya kwanza chukua ya mbao ya kuchonga kwa mashine ya duara au hata ya plastiki ya mazoezi, mdomo ukizoea ndo utoe hela kubwa. Kumpelekea fundi hela ya miaka yako wakati huwezi kutoa ro, ile noti ya chini kabisa, sioni faida yake.

Mpingo ndo mti bora wa filimbi?

Mpingo ni mti wa ajabu na ni wetu, unaota Kilwa, Lindi na kwingineko, na dunia nzima klarineti na obo nzuri zinatengenezwa kwa mpingo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa ziwani unazama. Ukichongwa ukingo wa mdomo unabaki mkali miaka na miaka, unang'aa wenyewe bila vanishi, na maji ya pumzi hayauingii haraka.

Lakini usinunue kwa kuamini kwamba mpingo wenyewe ndo unatoa sauti. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman wa Marekani alitengeneza filimbi za vipimo sawa kwa vitu tofauti, fedha, shaba na mbao, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Kinachoongea ni hewa iliyo ndani: upana wa tundu, ukali wa ukingo, ukubwa wa mashimo na yalivyolainishwa kwa ndani. Bomba pana linatoa besi nono ila juu linachoka, jembamba linaimba juu ila chini linanong'ona. Kwaiyo muulize fundi upana wa ndani kabla ya kumuuliza ni mti gani.

Na kama unataka kumtumia mtu nje, jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, ila ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019. Filimbi iliyokamilika inasafiri, gogo au ubao ni habari nyingine na hata ndani ya nchi unahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu.

Nanunua kwa mbali, siwezi kuishika. Nimuombe nini fundi?

Muombe video ya filimbi ILEILE utakayotumiwa, sio mwenzake. Apige noti moja moja polepole kutoka chini mpaka juu, kila moja aishikilie, alafu kipande kifupi cha wimbo. Arekodi chumba cha kawaida, bila mwangwi wa kuongezwa, maana mwangwi unaficha kila kitu, hata bomba la maji linasikika kama malaika. Na aitume kama dokumenti, sio voisi noti, zile voisi noti zinakata sauti na pumzi ya filimbi inapotea. Sikiliza kwa hedifoni. Noti ya pili kutoka chini ndo huwa inafichua fundi mvivu.

Imefika. Nikague nini kabla sijatulia?

Itazame ndani kuelekea mwanga wa dirisha, uone kama mafundo ya mwanzi yametobolewa yakasafishwa, au kuna nyuzi zimebaki zinaning'inia. Pitisha kidole kwenye kila shimo, pasiwe na kingo za kukwaruza. Funga mashimo yote, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo: ikishika imara hakuna ufa, ikivuja kwa mbali ufa upo hata kama huuoni. Ukiona unga mweupe laini unadondoka kwenye mwanzi, huo umebunguliwa, itenge na nyingine siku hiyohiyo, wadudu watahamia kabati zima.

Hali ya hewa ya huku inaziharibu?

Karibu na ziwa unyevu ni rafiki kuliko mikoa mikavu. Shida inakuja kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, na zaidi ya hapo shida ni AC na dashibodi ya gari. Mwanzi unapasuka ukikauka ghafla upande mmoja. Usiiache kwenye gari pale Buzuruga wakati unanunua samaki. Filimbi mpya ipulize dakika 10 au 15 kwa siku wiki za mwanzo, ifute ndani kwa kitambaa kikavu, iache ipumue kabla ya kuifunga kwenye mfuko. Ukiona ufa mwembamba funga uzi wa nailoni kwa nguvu, mizunguko imelala pamoja, juu na chini ya ufa, usikimbilie gundi.

Nipake mafuta gani?

Ya lozi ndo salama, bansuri zenyewe kwao wanapaka ya haradali. Tone chache kwenye kitambaa, ndani na nje, mara moja moja. Ya alizeti ya jikoni achana nayo, yanageuka gundi. Ya nazi yanaganda asubuhi za baridi.

Dizi je? Ocarina? Fujara?

Dizi inahitaji utando mwembamba wa kubandika kwenye tundu moja, ukichanika sauti inakufa. Agiza pakiti nzima mwanzoni. Utando wenyewe China wanautoa ndani ya matete, jamii moja na haya yanayoota ufukweni kwetu, na wengi wanaubandika kwa maji ya kitunguu saumu, kwaiyo mwenye subira anaweza kujaribu. Ocarina ni udongo, tamu, ikidondoka ndo basi. Fujara ya Slovakia ina mashimo matatu tu na inakukaribia urefu wako, UNESCO waliitambua 2005, sauti yake inatoka kwenye kifua cha dunia, ila fikiria nyumba yako kabla, na daladala usiiwazie.

Naweza kumpa fundi wa hapa anitengenezee?

Ndiyo, na ningependa watu wengi wafanye hivo. Mpelekee mfano wa PVC uliokwisha kutyuniwa na mwanzi mkavu, pingili ndefu zilizonyooka, uliokatwa kiangazi ukakaushwa kivulini miezi, mbichi utapasuka tu. Mianzi ya Iringa na Njombe inapatikana ukiagiza. Kaa naye wakati anatoboa: nondo nyembamba kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, inagusa mwanzi, moshi mtamu unatoka, anaizungusha kidogo anaitoa. Mwambie mashimo ayaanze madogo. Shimo likipanuliwa noti inapanda na hairudi, labda uzibe kwa nta ya nyuki. Atoboe, upulize, apanue kidogo kwa kisu, upulize tena, shimo moja moja kutoka chini. Mlipe muda wake huo, sio bei ya kitu cha barabarani.

Mzigo kutoka nje unalipiwa?

Tegemea VAT ya asilimia 18 pamoja na ushuru. Muombe muuzaji aandike wazi ni ala ya muziki ya kupuliza, namba ya forodha 9205, na thamani ya kweli. Kama ina pambo la pembe za ndovu au gamba la kasa usiagize kabisa.

Nikishakuwa nazo nyingi nizitunzeje kumbukumbu?

Kwa kila moja andika jina la fundi na anapoishi, mti au mwanzi gani, noti ya chini, upana wa ndani, na mwezi iliyofika. Alafu irekodi siku ya kwanza, noti zote chini mpaka juu, pamoja na joto la chumba. Mwaka ukipita rekodi tena chumba kilekile. Kama noti ya chini imeshuka nguvu kagua ufa upya kabla hujaanza kulaumu midomo yako.